Nilimwita Wifi Yangu Muuaji kwa Sababu ya Picha Zisizofunguka

"Mama, hizi picha hazifunguki."

Daktari alinigeuzia kompyuta nijionee. Faili sita. Akibonyeza la kwanza, haliwezi kufunguliwa. La pili, hivyo hivyo. La sita, hivyo hivyo!

Jamani, nikaichomoa flash yangu, nikaichomeka upya. Bado!

Binti yangu wa miaka minne ana tundu kwenye moyo, na zile zilikuwa picha za kipimo chake. Daktari huyo ni bingwa wa moyo, huja kwetu mara mbili kwa mwaka kuchagua watoto wa kwenda kupasuliwa hospitalini kwake. Saa nane anaondoka. Ilikuwa saa sita na robo.

"Daktari, mpimeni upya!"

"Foleni ya kipimo ni miezi mitatu, mama."

"Na bila picha?"

"Siwezi kumpasua mtoto kwa kubahatisha."

Miezi mitatu! Mtoto akipanda ngazi tano tu midomo inabadilika rangi!

Ndugu zangu, akili ilinipeleka moja kwa moja kwa wifi yangu. Anaishi kwetu, na tangu nimwambie atafute kwake tulikuwa hatusemeshani. Asubuhi ile nilimkuta kashika laptop yetu, ile zilikotoka picha. Nikampigia hapo hapo koridoni.

"Umefuta picha za mwanangu!"

"Wifi, picha gani? Subiri niangalie..."

"Uangalie nini, muuaji wewe!"

Kisha akakata simu.

Akakata! Nikajua ndiye. Nikaingia kundi la ukoo, watu arobaini na mmoja, nikarekodi sauti nikilia kwamba huyu mtu anataka kuniulia mtoto. Mume wangu, aliyekuwa safarini, akaandika neno moja tu: "Dada???"

Nesi akanihurumia, akaniitia fundi wa kompyuta wa hospitali, mzee mmoja wa miwani. Akachomeka flash yangu, akaguna.

"Nani alikopi hizi?"

"Mimi mwenyewe, jana."

"Unaona kamshale kwenye kona ya kila picha? Hizi ni njia za mkato. Ni kama umebeba kibao kinachoelekeza nyumba ilipo, nyumba yenyewe umeiacha kwenye laptop."

"Kwa hiyo hazijafutwa?"

"Zipo nyumbani kwako. Nani yuko huko atutumie?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nani yuko huko? Muuaji wangu!

Nikapiga. Haipokelewi. Nikapiga tena. Haipokelewi! Mara ya kumi na saba, imezimwa. Saa saba na nusu hiyo... Nikamkumbatia binti yangu nikilia kama mwenye msiba.

"Mama, usilie, mimi siumwi," akaniambia.

Hapo ndipo nilipokwisha kabisa.

Saa nane kasorobo mlango ukasukumwa. Wifi! Jasho linamtiririka, kiatu kimoja kimekatika mkanda, laptop kaizungushia shuka la mtoto.

Hakunitazama. Akamkabidhi fundi. Zikafunguka zote sita! Daktari alikuwa kashabeba mkoba wake. Akakaa tena, akazitazama moja moja, akaandika jina la mwanangu kwenye orodha. Upasuaji Jumanne!

Nikamwangukia wifi miguuni.

"Kumbe ulikata simu ili uje?"

"Nilikata nikawasha laptop, nikaziona zipo, nikajua umekosea kukopi. Nikatafuta viatu, nikatoka."

"Basi... ile sauti ya kwenye kundi hujaisikia?"

"Nimeisikia. Pikipiki ilikuwa imefika nusu ya njia. Ndiyo maana nikazima simu."

"Na bado ukaja?"

"Nilikuwa namletea mtoto, sio wewe."

Mwanangu amepona. Wifi alihama wiki ile ile, na kwangu hajakanyaga tena. Simu zangu hapokei, na simlaumu.

Wenzangu, hasira hasara. Mkono wangu ndio uliokosea, mdomo wangu ukamtafuta wa kubebeshwa lawama. Jambo likiharibika, anza kwa kujiuliza wewe ulifanya nini.

Wifi, nilikutukana mbele ya ukoo, ndiyo maana nakuomba radhi mbele ya watu wote hawa. Kama huwezi kunisamehe, njoo hata umwone mtoto. Mimi nitatoka nikae nje.