Faili Limefungwa

Ndugu zangu wa Kagoma, na ninyi mlioko mjini Bukoba, nisikilizeni. Mengi ya haya sikuhadithiwa. Kibanja chetu, yaani shamba letu la migomba, kimepakana na cha kina Byabato.

Jumamosi ile asubuhi Edvina, dada yake Byabato aliyerudi nyumbani baada ya ndoa kuvunjika, alikuwa ameketi mlangoni pa jiko akimenya ndizi na kuimba nyimbo za kwaya. Kahawa ilikuwa imeanikwa uani. Kesho yake ukoo ungekutana kutazama video ambayo marehemu baba yao alirekodiwa akimtaja omusika, yaani mrithi wa kibanja. Video ilikuwa kwenye fleshi moja tu, na fleshi ilikuwa kwa Byabato.

Byabato alikwenda steshenari kwa Evelyne ili aijaribu. Mimi nilikuwa kwenye foleni, nasubiri kutoa kopi. Evelyne alibofya mara mbili, haikufunguka. Wateja walikuwa wengi, akamjibu upesi kwa “Ta” yetu ya heshima.

“Faili limefungwa hili, Ta Byabato. Lipeleke kwa fundi Bukoba.”

“Limefungwa na nani?”

“Nitajuaje? Kwani mimi mganga?”

Tukacheka. Byabato hakucheka. Mnajua kwetu neno “kufungwa” lina uzito gani. Ng’ombe akikosa maziwa, amefungwa. Mwanamke asipozaa, amefungwa. Na kila kilichofungwa kina aliyekifunga.

Nilipofika nyumbani nilimsikia ng’ambo ya migomba.

“Edvina! Fungua ulichofunga!”

“Nifungue nini, kaka? Mlango si uko wazi?”

Byabato akalipiga teke beseni la ndizi, kisha akampiga dada yake ngumi ya mdomo. “Umemfunga baba asinitaje! Unataka kibanja, wewe uliyeshindwa kwa mumeo!”

“Hata hiyo fleshi sijaishika! Kompyuta mimi naijulia wapi?” Edvina alilia, damu ikimtoka mdomoni.

Byabato aliokota panga penye kuni. Edvina akainua mkono kujikinga. Vidole viwili vilianguka kwenye maganda. Akamgeuzia ubapa wa panga, akampiga mgongoni, akampiga kiwiko mpaka mfupa ukalia. Nilipiga yowe, mimi ambaye watu hunisahau hata nikiwa nimekaa nao. Wanaume wakaja, wakamwangusha, wakamfunga kamba. Edvina akapelekwa hospitali Bukoba, na Byabato akapelekwa polisi Muleba.

Ta Kaijage, baba yao mdogo, alimsindikiza Edvina, na fleshi aliyoichukua kwa Byabato alikuwa nayo mfukoni. Mchana, kama alivyotusimulia mwenyewe, akaipeleka kwa Adventina, fundi wa kompyuta mjini.

“Nani alibadilisha jina la faili?” Adventina aliuliza.

“Byabato, kwenye kompyuta ya kuazima. Alitutambia kwamba yale maherufi yasiyosomeka ameyafuta, akaandika Mrithi.”

“Basi alifuta na mkia. Mwishoni mwa jina huwa kuna nukta na herufi zinazoiambia kompyuta kwamba hii ni video. Halijafungwa wala halijaharibika. Limekatwa mkia tu.”

Akaandika nukta, m, p, na nne. Haikuchukua hata dakika. Sauti ya marehemu ikatoka: “Mrithi wangu ni Byabato. Edvina akae kwangu, asifukuzwe na mtu.”

Ta Kaijage alikaa chini sakafuni.

Jumapili ukoo ulikutana, ukaitazama video yote. Mwenyekiti wa ukoo akasema, “Mrithi tumemsikia. Asimame tumkabidhi.”

Hakuna aliyesimama. Mrithi alikuwa mahabusu Muleba.

Mafunzo

Ndugu zangu, faili likigoma halina mchawi. Tazama kwanza jina lake, na wewe mwenyewe ulilifanya nini. Kitu cha thamani kitolee nakala kabla hujakigusa. Usilolijua muulize anayelijua, wala usimwulize kwa panga. Nasi tuliocheka kwenye foleni tulimwona mtu akiondoka na neno baya kichwani, na hakuna aliyemfuata. Mimi nilisubiri kopi zangu. Ukiona mwenzako amelielewa neno vibaya, mfuate, hata kama una haya ya kusema.