Waliniozesha Ili Nyumba Isitoke Nje

Nina miaka hamsini na mbili, naishi Queensbury, London. Wasomaji wenzangu, mimi sikuolewa. Iliolewa nyumba!

Tulipotoka Unguja baba aliacha shamba la karafuu na duka. Huku alihangaika hadi akanunua nyumba moja tu. Mtoto wake ni mimi peke yangu... msichana. Basi ami, kaka yake baba, akaja mbio: mali isitoke nje, niolewe na mwanawe, Yakub, mwenye duka huku huku London.

Yakub alitaka nyumba iandikwe jina lake kabla ya ndoa. Baba alikubali, lakini mbele ya wazee akatamka kwamba mahari yangu ni nyumba hiyo hiyo, nitalipwa siku nikipewa talaka. Yakub alicheka. Amwache damu yake? Akakubali, watu wakala biriani.

Baba akafa. Hata arubaini haijaisha, Yakub akaleta mke wa pili, akamlaza chumba cha baba! Mimi nikahamishiwa kichumba cha nyuma ya jiko. Nikimlilia ami, jibu lake moja: vumilia.

Nilivumilia... mpaka nikasikia Yakub anaiuza nyumba.

Siku hizo binti yangu alikuwa akisoma shuleni habari za mabwana wa Uskoti wa zamani, waliooa mabinti ili wapate ardhi za baba zao. Akaniuliza kwa Kiingereza chake kama na mimi nilifanywa hivyo.

Nikaandaa khitma ya baba. Nikawaalika wazee wale wale wa harusi. Walipokwisha kula nikasimama, nikamwita Yakub kupe anayenyonya maiti. Nilimchokoza makusudi! Akapandwa na mori, akanipa talaka tatu palepale.

Mzee mmoja akauliza taratibu, "Yakub, na mahari je?"

Mdomo uliponza kichwa! Alikataa kwanza, lakini wateja wa duka lake ni wazee hao na watoto wao. Hakuna aliyekanyaga tena pale. Akaiandika nyumba jina langu, akatoka na masanduku yake, na mkewe nyuma analia. Niliwatazama dirishani nikinywa chai. Naona haya? Hata kidogo!

Lakini ujana wangu nani atanirudishia? Wazazi, nawasihi, msimfunge binti ndoa ili alinde kuta.

Juzi ami alikuja, mkongojo mkononi. Anamposea mjukuu wake mwingine, wa kiume, binti yangu... ati nyumba isitoke nje.

Nikamwambia, "Ami, nyumba haitoki. Utatoka wewe." Nikamfungulia mlango.