Mauza Agoma Kukaa

Kila asubuhi Mauza alifagia mbele ya duka la baba yake, Mzee Hashil, pale Kariakoo, akapanga magunia ya tende na kahawa mlangoni, ndipo akajiandaa kwenda shule. Asubuhi moja baba yake alimsimamisha.

"Leo mkaguzi anakuja shuleni kwenu, nami nitakuwepo," alisema. "Shangazi zako wamenichosha. Wanasema msichana ana kazi gani na Kizungu? Nikiona hujui kitu, shule basi."

"Nimesikia, baba," alijibu Mauza. Aliipenda shule kuliko hata sikukuu ya Idi.

Tatizo ni kwamba Kizungu chenyewe hakukielewa. Mwalimu Candida alifundisha kwa vitendo: unafanya jambo huku unalisema. Aliwaambia kuwa vitenzi vingine vya Kiingereza vina mikono, lazima vishike kitu, na vingine hujitembelea mikono mitupu. Siku moja Mauza alinyoosha kidole aulize. Mwalimu, ambaye ukaguzi ulikuwa umemnyima usingizi, alimkatiza. "Kariri, usiulize!" Akamgawia kila msichana sentensi moja, na hiyo hiyo wakaiimba mpaka ikawakinaisha.

Basi asubuhi hiyo mkaguzi, memsahibu wa Kizungu, aliingia darasani, wazazi wakiwa wameketi nyuma. Josepha akatua ndoo sakafuni: "I am putting down the bucket." Hind akaokota chaki: "I am picking up the chalk." Memsahibu akawageukia wazazi, akasema kwa Kiswahili safi, "Wasichana hawa wameelewa kweli kweli."

Mauza alijiuliza. Wameelewa nini? Zamu yake ikafika. Sentensi yake ilikuwa rahisi kupita zote: alitakiwa kusimama, aseme "I am sitting down," kisha akae. Alisimama. Hakusema kitu, wala hakukaa.

"Mauza, kaa," alinong'ona Mwalimu Candida.

"Sikai, Mwalimu."

"Nimesema kaa!"

"Sikai mpaka niseme kweli." Alikaza miguu. "Memsahibu, tumegawiwa sentensi moja moja. Mimi naijua hii yangu tu, tena sijui kwa nini haishiki kitu, na ya Josepha inashika ndoo. Hatujaelewa."

"Umetuponza!" Josepha alimnong'oneza kwa hasira.

Memsahibu hakugombana na mtu. Alichukua ile ndoo, akampa Hind aitue chini. Hind akasimama nayo, macho yamemtoka, kisha akasema kwa sauti kubwa, "I am picking up the chalk!" Wazazi wakaangua kicheko. Mwalimu Candida akainamisha kichwa.

Hapo Mzee Hashil akainuka. Mauza alijua kinachokuja, lakini hakushusha macho.

"Nitoe shule ukitaka, baba," alisema. "Mimi sikuja hapa kujifanya najua."

Mzee alijipangusa jasho. "Sikutoi," alisema. "Asiyejua hufundishwa, mwanangu. Anayejifanya anajua ndiye hafundishiki, maana hatauliza kamwe. Wewe umeuliza mbele ya watu wote. Shangazi zako nitawajibu mwenyewe." Kisha akamgeukia mwalimu. "Mwalimu, tafadhali, mjibu mtoto."

Mwalimu Candida alishusha pumzi. "Kosa ni langu, Mauza. Niliogopa." Akaichukua ndoo, akaikumbatia. "Haya, nataka kutua. Natua nini?"

"Ndoo!" darasa zima likajibu.

Akaitua, akaenda kukaa kitini. "Na sasa nimekaa. Nimeshika kitu?"

"Hujashika kitu!"

"Kumbe!" Mauza alisema, akacheka peke yake. Akaiendea ndoo, akaiinua, akaitua taratibu huku akilisema tendo hilo kwa Kiingereza bila kukosea, ingawa sentensi hiyo hakuwa amepewa. Kisha akarudi mahali pake, akainyoosha mikono yake mitupu ili wote waione.

"I am sitting down," alisema, ndipo akakaa.