Machozi Yangu Kwenye Tangazo la Wembe

Jamani, hebu niambieni nyie mngefanyaje.

Umetoka zako kununua betri za maiki. Unainua macho kwenye duka la kompyuta pale kona. Skrini yote ya dirishani, kubwa kama mlango wa gereji, ni uso wako...

Unalia!

Machozi yanatiririka mpaka kidevuni. Chini yake maandishi meupe:

"ALIUONA WEMBE, AKALIA KWA FURAHA."

Furaha?! Furaha gani?!

Mlinzi wa duka akaniangalia, akaangalia skrini, akaniangalia tena.

"Dada, si ndiyo wewe yule?"

"Ndiyo mimi."

"Hongera bwana! Wamekupa moja ya bure?"

Nikakaa kwenye ngazi za duka na mfuko wangu wa betri.

Kwa ambao mmepitwa: Wembe ndiyo laptop mpya inayotangazwa kila mahali. Nyembamba, inang'aa, ukiishika unaogopa kupumua. Ila ili iwe nyembamba hivyo, wameziba matundu yote. Tundu la kadi ya kamera, hakuna. La flashi, hakuna. La spika za masikioni, hakuna. Limebaki tundu moja tu, na hilohilo ndilo la chaji. Ukichaji, huchomeki kingine. Ukichomeka kingine, huchaji.

Na bei? Mara mbili ya ile ya zamani!

Mtandao uliwaka.

"Matundu yamehama mji au?"

"Hii siyo laptop, ni sinia lenye kioo."

"Tunalipia zaidi ili tupewe kidogo. Asanteni sana kwa kutujali."

Sasa fungua komenti chini ya tangazo langu.

"Huyu dada analia kwa sababu ameoneshwa bei 😂"

Hapo hata mimi nilicheka. Kisha nikaiona hii:

"Si ndiyo yule Kamera, mpiga video za harusi? Kila siku anatuambia tusinunue laptop isiyo na tundu la kadi. Kumbe naye ananunulika!"

Kicheko kikakatika. Kamera ni mimi. Mjini wote wananiita hivyo, na baba yangu ndiye alianza.

Nikaingia kwenye grupu letu la wapiga video. Nimeondolewa! Bibi harusi wangu wa Jumamosi akanitumia ujumbe kwamba amepata mtu mwingine. Halafu simu ya mama.

"Mwanangu, yale ni machozi ya baba yako. Umeyauza?"

"Mama, sijauza kitu!"

"Sasa yamefikaje dukani?"

Akakata. Mama yangu huwa hakati simu. Anaweza kukuaga robo saa.

Ngoja niwaambie yalifikaje.

Mdogo wangu wa kike ameolewa majuzi. Harusi nilirekodi mwenyewe, ningemwachia nani? Baba alisimama kutoa nasaha, akaanza na maneno yake ya siku zote, "Haya, jamani..." na kikohozi chake kidogo. Katikati akaninyooshea kidole: "Huyu kwenye picha zetu hayumo hata moja. Mgeuzieni kamera na yeye tumwone."

Watu wakapiga makofi. Nikamwambia, "Baba endelea, leo siyo siku yangu." Sikugeuza.

Wiki iliyofuata tukamzika.

Ile kadi nilishindwa kuifungua. Nilitembea nayo kwenye mkoba.

Shemeji yangu, huyo bwana harusi mwenyewe, anafanya kazi kitengo cha matangazo cha hiyo kampuni. Akanipigia.

"Shem, tunatafuta watu wa kuijaribu Wembe kabla haijatoka. Njoo na kazi yako ya kweli. Tena leta ile kadi ya harusi, nitakuwa nawe, hutaifungua peke yako."

Nikaona ni upendo. Nikaenda.

Ukumbi mweupe, meza ndefu, kamera mbele ya kila mtu. Tukaambiwa ni za kumbukumbu za ofisi tu. Nikaazimwa adapta ya kuingizia kadi, nikachomeka kadi, nikafungua nasaha za baba.

"Haya, jamani..."

Nililia palepale. Nililia mpaka alipomaliza. Kisha nikaanza kuhamisha video kutoka kwenye kadi, maana shemeji alisema kuhamisha ni haraka kuliko kunakili. Laptop ikalia, chaji inaisha.

"Ngoja nichomoe hii kidogo tuichaji," shemeji akasema.

"Usichomoe! Bado inaha..."

Akachomoa!

Kadi ikafa. Kwenye laptop hakukuwa na kitu. Nimeipeleka kwa mafundi wote mnaowajua, jibu ni moja, pole sana. Sauti ya baba ikawa imezikwa mara ya pili. Shemeji akasema ni ajali, nikameza, kwa ajili ya mdogo wangu.

Na sasa nimekaa kwenye ngazi za duka najiangalia nalia kwenye tangazo lake.

Mlinzi akafungua mlango kumpitisha mteja, na sauti ya tangazo ikatoka nje. Muziki wa piano. Halafu chini kabisa ya piano...

Kikohozi.

Nikasimama. Nikasubiri tangazo lizunguke tena. Nikaweka sikio kwenye kioo kama mwendawazimu.

"Haya, ja..."

BABA!

Kamera ya ukumbini ilikuwa inarekodi wakati nasaha zinacheza! Kama wanao uso wangu, wanayo na sauti yake yote!

Sikupita nyumbani. Nilienda moja kwa moja ofisini kwao. Meneja wa matangazo, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, akanipokea kwa juisi. Shemeji yupo pembeni anaangalia zulia.

"Tunajua watu wanakusema vibaya," meneja akasema. "Tukusaidie. Utarekodi video fupi useme kweli ulilia kwa furaha, uwatulize hawa wanaolalamikia bei. Utapata Wembe ya bure."

"Sitaki Wembe. Nataka rekodi ya siku ile, yote."

Akatabasamu, akanisogezea karatasi na kalamu.

"Utapata pia. Ukishasaini."

Jamani... Nilimwangalia shemeji.

"Ulikuwa unajua ipo?"

Akarudisha macho kwenye zulia.

"Nilikuwa nazunguka kwa mafundi nalia, na wewe unayo?"

"Shem, saini tu yaishe. Ni maneno tu."

Ni maneno tu! Nawaambia ukweli, mkono uliishika ile kalamu. Niliitaka ile sauti kuliko chakula. Kisha nikamkumbuka mama: umeyauza?

Nikairudisha kalamu mezani.

"Mlichomoa kadi yangu, mkaweka piano juu ya marehemu, na sasa mnaniuzia baba yangu mwenyewe? Kaeni na laptop yenu. Kama sauti mtaifuta, futeni. Mimi sikulia kwa furaha, na hamtanifundisha nilikuwa nalilia nini!"

Nikatoka. Juisi sikuigusa.

Nilirudi palepale kwenye ngazi za duka, nikafungua laptop yangu ya zamani, ile nene, bawaba imefungwa kwa utepe wa gundi, nikaenda laivu. Nyuma yangu uso wangu mkubwa unalia. Mbele, mimi mwenyewe macho makavu. Nikasema yote kama nilivyowaambia hapa.

Mlinzi alitakiwa anifukuze. Alinisogezea kiti.

Komenti zikaja kama mvua.

"Kamera tusamehe!"

"Rudisheni matundu, rudisheni na sauti ya mzee!"

"Nilikuwa nimeshaweka oda. Nimefuta sasa hivi."

Wenzangu wa grupu wakaanza kufika mmoja mmoja na laptop zao nene, wakazifungua na kuzipanga kwenye ngazi, matundu yote yakitazama barabarani. Wateja waliokuwa wanaingia wakaishia kusimama na kusoma bei kwa sauti. Kuna mzee mmoja aliisoma mara mbili, akaguna, akageuka akaondoka.

Kabla duka halijafungwa, teksi ikasimama. Akashuka mdogo wangu, kanga begani, amevimba macho. Nyuma yake shemeji, kama mtoto aliyevunja sahani.

"Dada, nimeiona laivu. Nimemuuliza mara moja tu: sauti ya baba unayo na unalala kitanda kimoja na mimi?"

Akafungua kiganja. Flashi.

"Ameitoa kwenye Wembe yake," akasema. "Haikuingia. Ilibidi akanunue adapta kwa hela yake."

Wapiga video wakaangua kicheko, shemeji akainamisha kichwa. Ashukuru mdogo wangu alikuwa pale.

Nikachomeka flashi kwenye laptop yangu. Iliingia bila kuomba ruhusa kwa mtu. Nikamtafuta mama kwenye simu, nikaiweka karibu na spika.

"Haya, jamani..."

Mama akalia upande wa pili. Na mimi ndipo nikaona kitu ambacho kile kitengo kizima cha matangazo hakikukiona.

Kamera ya ukumbini haikumrekodi baba. Alikuwa kwenye skrini ya laptop, na laptop ilikuwa imeipa kamera mgongo. Ilinirekodi mimi. Uso wangu, na sauti yake. Basi ikafika pale:

"Huyu kwenye picha zetu hayumo hata moja. Mgeuzieni kamera na yeye tumwone."

Na nilikuwepo! Kwa mara ya kwanza nimo kwenye picha na baba yangu anaongea.

Tangazo limeondolewa dirishani. Bei ya Wembe haijashuka na matundu hayajarudi, na mimi sijanyamaza.

Wewe unayesoma, kabla hujasifia kipya, uliza wameondoa nini. Na akija mtu na kalamu kukuambia machozi yako yalikuwa ya nini, mrudishie kalamu yake. Mimi niliililia sauti ya baba. Sasa ninayo, na imehifadhiwa sehemu tatu.