Beji Isiyo na Namba

"Bibi, usichanganye tepe. Za bluu ni za wazungumzaji, za kijani ni za wenza wao."

"Sichanganyi, mama. Macho ndiyo yamechoka, vidole bado vizima."

Tulikuwa sebuleni, mimi na mjukuu wangu, beji mia sita na arobaini zimetuzunguka sakafuni hata pa kukanyaga hapana. Yeye ndiye mratibu wa ule mkutano mkubwa wa wasomi, watu kutoka nchi arobaini na mbili. Miezi kumi na minne hakukaa akatulia. Mara viza, mara wakalimani, mara profesa huyu hali nyama, yule hataki chumba cha ghorofani. Wasomi nao wana mambo kama mabibi harusi.

Lakini mimi nilijua kwa nini aliupigania mkutano ule uletwe mjini kwetu. Ni kwa sababu ya mtu mmoja. Tulimwita Daktari, daktari wa vitabu, si wa sindano. Alikwenda ng'ambo kusoma miaka minne iliyopita, akamwachia mjukuu wangu ahadi: nikirudi, kwenu naja kwa miguu yangu. Sasa anakuja kuhutubia siku ya ufunguzi. Mkutano ukiisha Ijumaa, Jumamosi aje na wazee wake kumchumbia. Viti kumi na viwili nilikwisha viazima kwa jirani, vimepangwa barazani, nimevifuta mara mbili.

"Hii ina kasoro," mjukuu wangu akasema, kashika beji moja.

"Ya nani?"

"Ya mtafiti mwenza wa Daktari. Kila mwenye kutoa mada ana namba ya mada yake chini ya jina. Huyu hana."

"Mpe namba basi."

"Siwezi, Bibi. Hajaleta ikisiri, ule muhtasari wa mada. Daktari alinipigia akaniomba nimwandikie huyo mwenzake barua ya mwaliko apate viza. Nikaandika palepale, sikuuliza. Na kompyuta yetu, usipoleta ikisiri inakukumbusha yenyewe kila wiki mpaka ujibu."

"Hiyo kompyuta ina gubu kama wifi."

Alicheka. Nakikumbuka kicheko kile, maana sikukisikia tena.

Kesho yake alasiri alirudi kazini mapema, hakuvua hata viatu. Akanipa simu.

"Soma, Bibi."

"Nisomee wewe, mimi nasoma polepole."

"Soma tu. Mimi nimeshindwa."

Nikasoma, neno moja moja, kidole juu ya kioo:

"Ndugu Mratibu, samahani kwa usumbufu. Naona kila wiki mnanidai ikisiri. Mimi si mtafiti, ni fundi cherehani. Ni mke wa Daktari. Nadhani fomu yangu aliijaza vibaya, maana kila kitu kwake ni haraka. Tafadhali mnirekebishie. Na kama inawezekana, chumba chetu kiwe karibu na lifti, nina ujauzito wa miezi sita. Asante sana kwa kazi yenu."

Nikaiweka simu mezani taratibu, kama kitu cha moto.

"Mpigie," nikamwambia.

Alipiga, akaweka sauti juu nisikie.

"Malkia wangu! Mambo ya mkutano vipi?"

"Mke wako ameniandikia."

Nikasikia mlango unafungwa huko alipo.

"Sikiliza. Usipaniki. Ile ni ndoa ya karatasi tu, ya kupata kibali cha kuishi. Huku kila mtu anafanya."

"Ana mimba, Daktari."

"Hilo... ni mambo marefu, si ya simu. Kila mtu ana chumba chake, nakuapia. Nikifika nitakueleza, utanielewa. Jumamosi iko palepale."

"Kwa nini ulimwandika mtafiti?"

"Ili usiumie."

Akakata. Mjukuu wangu akabaki anaitazama simu.

"Bibi, na kama ni kweli? Watu wanafunga ndoa za karatasi."

Nikaona anavyotaka iwe kweli. Miaka minne si siku nne. Aliwakataa wawili akimngoja huyo, na mmoja alikuwa mtu mzuri, mpaka leo hunisalimia. Ningemwambia aache, asingesikia.

"Wageni wako wote si unawauliza habari za vyumba?" nikamwambia. "Na yeye muulize. Usigombe, usijitaje. Uliza kama kazi yako inavyotaka."

Akaandika: "Dada, nimepokea marekebisho. Naomba kuthibitisha: chumba kimoja au viwili? Vitanda vingapi?"

Hatukungoja sana. Jibu likaja:

"Kimoja, dada yangu, kitanda kikubwa. Na kidogo cha mtoto kama kipo. Tuna wa kiume, ametimiza miaka mitatu mwezi uliopita."

Nikamwona anahesabu kwa vidole. Alihesabu, akarudia.

"Bibi, mwaka ule wa kwanza alikuwa ananipigia kila Ijumaa. Analia. Anasema upweke unamuua."

"Alikuwa analia, na mwenzake yuko jikoni anaosha vyombo."

"Nikimfuta kwenye ratiba nani ataniuliza?"

"Mkutano ni wa nani, wake au wako?"

"Wangu."

"Basi usiuharibu kwa ajili yake."

"Na Jumamosi?"

Nikachukua kitambaa nikatoka barazani, nikavifuta vile viti mara ya tatu.

Siku mbili kabla ya mkutano ujumbe wa Daktari uliingia: "Mpenzi, beji yake iache vilevile, iandikwe mtafiti. Ukiandika mwenza, wenzangu wataanza maswali, na wazee wangu hawajui kitu. Nivumilie mpaka Jumamosi. Niamini."

Siku ile mjukuu wangu alichapa beji mbili mpya, akazitia tepe za kijani mwenyewe. Hakutaka nimsaidie.

Asubuhi ya ufunguzi wasaidizi wake wawili waliamka wagonjwa, ikabidi anichukue mimi. Nikakaa nyuma ya meza ya usajili, natia tepe za mwisho. Foleni imetoka hadi kwenye ngazi. Ukumbi umejaa lugha za kila aina, viyoyozi vinavuma, baridi imenikamata magotini.

Nikamwona Daktari kabla yeye hajaniona. Kanenepa. Suti nzuri. Nyuma yake mwanamke mfupi mwenye uso wa upole, mkono mmoja kwenye tumbo, mwingine umeshika mtoto.

"Karibuni," mjukuu wangu akasema. Sauti ileile aliyowasemeshea mia tatu waliotangulia.

"Wewe ndiye mratibu!" yule mwanamke akafurahi. "Dada, umenijibu vizuri hata nikamwambia mume wangu, huyu mtu ana roho. Akasema nyinyi mlikuwa kama ndugu."

"Alisema hivyo?"

"Ndiyo. Eti mlisoma pamoja."

Daktari alikuwa anasoma bango ukutani kama hajapata kuona herufi.

Mjukuu wangu akatoa beji. Ya bluu kwa Daktari. Ya kijani kwa mke. Na ya kijani nyingine, ndogo, kwa mtoto, ina jina lake na la baba yake. Mtoto akaivaa, akazunguka mara mbili kwa furaha.

"Jamani, na yeye umemkumbuka! Sasa niambie, dada, hicho kikao chenu cha kamati Jumamosi kinaisha saa ngapi? Ameniambia nishinde hotelini na mtoto mpaka arudi."

Mjukuu wangu akanigeukia. Sikutikisa kichwa, sikufanya lolote. Neno lile lilikuwa lake.

"Jumamosi hakuna kikao, dada," akasema polepole. "Mkutano unakwisha Ijumaa saa kumi. Jumamosi alikuwa anakuja kwetu kunichumbia. Kuna viti nyumbani vinamngoja. Sikujua kama upo. Nimejua kwa barua yako."

"Anatania huyu," Daktari akasema. "Mke wangu, uchovu wa kazi..."

"Nyamaza." Mwanamke hakupandisha sauti. Aliushika ule utepe wa kijani, akautazama. "Ndiyo maana uliniandika mtafiti. Nilijiuliza sana. Mtu ameandika vitabu viwili, fomu ya kurasa mbili inamshindaje?"

Watu wa nyuma kwenye foleni wakaanza kunyoosha shingo.

"Ungeweza kuninyamazia," akamwambia mjukuu wangu.

"Ningeweza."

"Umengoja muda gani?"

"Miaka minne."

Yule mwanamke akamtazama mwanawe anavyozunguka na beji yake. Najua alikuwa anahesabu. Akajifuta uso kwa kiganja.

"Nipatie chumba cha pili, dada."

"Kipo. Nilikiweka akiba tangu juzi. Karibu na lifti."

Akamsogezea ufunguo juu ya meza. Vidole vyao vikagusana, hakuna aliyeviondoa haraka. Kisha mama na mtoto wakaondoka kuelekea kwenye lifti, mtoto anauliza kwa nini baba haji.

"Umefurahi sasa?" Daktari akasema, kauma meno.

"Ukumbi namba moja, Daktari. Unapanda jukwaani baada ya dakika ishirini." Akainua kichwa. "Anayefuata!"

Nasikia alihutubia vizuri. Walimpigia makofi.

Jumamosi asubuhi tulibeba viti kumi na viwili, viwiliviwili, mpaka kwa jirani. Mvua ilikuwa imeanza kudondoka.

Jirani akatoka, kajifunga khanga vizuri, tayari kwa habari njema.

"Mbona mapema? Wageni wenu hawakuja?"

"Walikuja," mjukuu wangu akasema, akakipanga kiti cha mwisho juu ya vingine. "Nimewapa vyumba viwili."