Siku Mvua Ilipomkimbiza Umuhoza

Umuhoza alikuwa anamenya viazi mlangoni kwake, huko Nyamitaba, mashariki mwa Kongo. Binti yake Gentille, wa miaka miwili, alikuwa amelala ndani. Mama mkwe wake, Emérita, alikuwa jikoni anachambua maharage.

Ghafla mvua ikaanza kupiga mabati.

Umuhoza akatupa kisu, akakimbia. Alikimbia bila viatu, ndani ya matope, mpaka barabarani. Aliposimama, alitazama mikono yake. Ilikuwa mitupu.

"Umuhoza! Mutoto iko wapi?" Emérita alipiga kelele nyuma yake. "Ulimuacha mu nyumba?"

Umuhoza aligeuka, akarudi mbio nyumbani. Meno yake yalikuwa yanagongana. Walimkuta Gentille chini ya kitanda, analia, mzima. Mama yake akaanguka chini akalia kuliko mtoto. Ni mama gani anayemsahau mtoto wake?

Mwaka mmoja kabla, Umuhoza alikwenda Kalembe kumwona dada yake. Mvua ilinyesha, kilima kikaporomoka. Udongo ulifunika nyumba ya jirani mbele ya macho yake. Tangu hapo aliogopa mvua, kisha polepole akaanza kuizoea. Lakini kulikuwa na jambo la ajabu. Siku nyingine mvua kubwa ilinyesha, naye akaendelea kupika. Siku nyingine matone machache tu yalimtetemesha, akakimbia.

"Anajifanyisha," Emérita alimwambia mwanawe Straton, mume wa Umuhoza, aliporudi kutoka shambani. "Wiki ingine mvua ilinyesha, alikuwa anaimba. Leo anakimbia. Ao ni pepo, ao ni uvivu. Tumupeleke mu chumba cha maombi, afunge kula siku saba."

"Mama, hakuna muntu anajifanyisha mpaka anaacha mutoto wake," Straton alijibu.

Kesho yake alimpeleka mke wake kituo cha afya. Emérita alifuata, Gentille mgongoni. "Huyu mutoto simuachie mama yake," alisema.

Muuguzi Geneviève alisikiliza yote. Kisha akauliza, "Mama Gentille, damu yako ya mwezi ilikuja lini?"

Straton akatazama chini. Emérita akakasirika. "Damu na mvua, vinahusiana wapi?"

"Imekuja leo asubuhi," Umuhoza alisema kwa sauti ndogo.

"Na mara ingine ulikimbia, ilikuwa lini?"

"Ilikuwa mu soko. Damu ilikuja nyuma ya siku mbili."

"Na ile ya mbele, kabla ya soko?"

Umuhoza alihesabu kwa vidole. Vidole vikasimama. "Kanisani. Siku tatu mbele ya damu kuja." Alishika mdomo. "Mama Geneviève! Ni mara zote, damu ikiwa karibu kuja!"

Straton alisimama kama mtu aliyemwagiwa maji baridi. Mwaka mzima waliishi na jambo hili, na hakuna aliyeliona.

"Sikilizeni," Geneviève alisema. "Kule Kalembe, ubongo ulijifunza woga: mvua inaua. Kisha mvua ilinyesha mara mingi bila hatari. Ubongo ukajifunza somo la pili: mara mingi mvua haiue. Lakini somo la kwanza halikufutika. Yote mawili iko ndani."

"Na damu?" Straton aliuliza.

"Mwili unatengeneza homoni. Zinatembea mu damu, zinapeleka habari mpaka mu ubongo. Moja ya wanawake inaitwa estrojeni. Wenye wanachunguza ubongo waliona kama inasaidia kukumbuka lile somo la pili. Siku chache mbele ya damu ya mwezi, inashuka. Kwa wanawake wengine, hapo ndio woga wa zamani unarudi na nguvu. Si kwa wote. Hata wanaume wako na homoni zao zenye zinagusa woga."

"Kwa hiyo sina wazimu?"

"Hauna wazimu. Na hauseme uongo."

Geneviève aliwaeleza la kufanya. Waandike siku za damu. Zile siku ngumu, Umuhoza asibaki peke yake na mtoto. Siku nzuri akae mlangoni wakati wa manyunyu, Straton pembeni, apumue polepole, mpaka azoee. Na kila wiki aje kuzungumza. "Lakini mukiona kilima kinapasuka," aliongeza, "hapo mukimbie kweli. Na mutoto mu mikono."

Mwezi wa tatu baada ya hapo, siku mbili kabla ya damu, mvua kubwa ilipiga mabati. Umuhoza aliingia ndani mbio. Alimbeba Gentille, akaita, "Mama, ni zile siku zangu. Ikala na mimi."

Emérita akaja, akakaa karibu yake. Umuhoza alitetemeka, akapumua, akatetemeka tena. Mvua ilipita. Gentille alikuwa amelala mapajani mwa mama yake.

Wiki hiyo Emérita alimsindikiza tena kituoni. Wakati wa kurudi hakuinuka kwenye benchi.

"Mama Geneviève," alisema, "mimi damu ilikatika miaka sita sasa. Tangu ile wakati, hata mulango ukigonga naruka. Usiku silale. Sijaambia muntu."

Umuhoza alimtazama kwa mshangao. Huyu ndiye aliyemwita mvivu!

"Homoni zinashuka wakati ule pia," Geneviève alisema. "Inaweza kuwa ni ile, ao kintu kingine. Ingia, tuangalie."

Emérita alisita mlangoni. Umuhoza akamshika mkono.

"Twende, Mama," alisema. "Mimi niko na wewe."