Mazuku Ndani ya Gari

Gari lilipoacha barabara halikufanya kishindo. Liliteleza juu ya mawe ya barafu, kitako kikatangulia, likaingia ubavu mzima katika mtaro wa mchanga mweusi wa volkano na kutulia hapo, limeinamia kulia. Mvua ya mawe ilipiga paa kwa nguvu hata Joviale akaona midomo ya kaka yake Buhendwa ikichezacheza bila kusikia neno. Joviale aligeuka nyuma, alikokuwa amelala mama yao.

"Mama, uko muzima?"

"Niko muzima," Mama Léonie alijibu. "Lakini minalowa."

Paa halikuvuja hata tone. Maji yalitoka ndani. Asubuhi ile, kabla ya kuondoka nyumbani Katindo, mjini Goma, Buhendwa alikuwa ameunganisha kwa mkono mpira wa maji wa sinki dogo la gari hilo, na kibano cha chuma kilichobaki akakitupa, akidhani ni cha ziada. Gari lilipojigonga mtaroni mpira ulichomoka, na pampu, ambayo kazi yake ni kusukuma, ikasukuma. Joviale alipoipata swichi yake tangi lilikuwa tupu. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya yalikuwa yamemwagika juu ya godoro, blanketi, nguo za kubadili na mgongo wa mama mgonjwa.

Gari hilo lilikuwa nyumba ndogo yenye magurudumu: vitanda viwili, kimoja juu ya kingine, jiko, sinki na chombo cha kupashia joto. Buhendwa alilinunua kwa Wazungu wawili waliokuwa wanarudi kwao. Walimweleza kila kitu asubuhi nzima, naye kila walipotua alisema "compris", yaani ameelewa. Kuuliza si ujinga, lakini Buhendwa alikuwa kifungua mimba, na tangu baba yao afariki hakuna aliyemwona akiuliza kitu. Alilinunua kwa nia njema. Miguu ya mama yao ilikuwa imekataa kutembea, alikuwa ametoka hospitali juzijuzi kwa ugonjwa wa mapafu, na watu wengi walikuwa wamewaambia kwamba maji ya moto yanayochemka ardhini upande wa Rutshuru yangemsaidia. Mama angesafiri amelala kama malkia.

Sasa malkia alikuwa anatetemeka. Kibumba, hapo walipokwama, ni baridi hata siku ya jua, na siku hiyo ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlimani ukaifunika barabara saa nane za mchana. Hakuna gari lililopita. Simu ya Joviale ilikuwa imeoga pamoja na blanketi, na ya Buhendwa haikushika mtandao.

"Yaya, blanketi zote zimelowa," Joviale alimwambia kaka yake. Alikuwa amemvua mama yao blauzi na kumvika koti lake mwenyewe. "Daktari alisema baridi isimushike tena."

"Tuwashe ile chauffage."

"Unaijua?"

"Ni gaz tu. Sawa ile ya mu cuisine," Buhendwa alisema, akiliashiria jiko.

Chombo chenyewe cha kupashia joto kilikuwa kisanduku cha chuma chini ya kabati, chenye kidirisha cha kioo. Moshi wake ulipaswa kutoka nje kwa kibomba kilichotokeza ubavuni, upande wa kulia. Na upande wa kulia wa gari, msomaji, ulikuwa umezikwa mchangani. Kaka na dada hawakulifikiria hilo. Buhendwa alifungua mtungi wa gesi, akabonyeza, akabonyeza tena, moto wa bluu ukachanua nyuma ya kioo, na wote watatu wakashusha pumzi.

Joto lilikuja haraka. Mama Léonie akaacha kugonganisha meno, akatoa rozari yake, akaanza kusali kwa sauti. Joviale alikamua blanketi moja baada ya nyingine na kuzitandaza mbele ya moto. Kwa muda mfupi alikaribia kuona raha, na hata alimcheka kaka yake juu ya ule mpira, naye Buhendwa akanuna kidogo.

Kisha kichwa kikaanza kumgonga. Kwanza alidhani ni njaa. Akala andazi, likamrudi kooni.

"Yaya, kichwa inaniuma sana."

"Na miye." Buhendwa alikuwa ameketi sakafuni, anajisugua paji la uso. Alitazama chini, na Joviale akaona uso wake ukibadilika. "Mungu wangu. Ni mazuku."

Mtu wa Goma haelezwi mazuku ni nini. Kwa wengine, basi: ni pumzi mbaya ya ardhi ya volkano, haina rangi, hulala mabondeni na mashimoni na kuua mbuzi, na wakati mwingine mtoto aliyemfuata mbuzi. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hukaa chini. Kila mtoto wa Mugunga, pembezoni mwa Goma, hufundishwa asiiname shimoni, na mtu akianguka humo asimfuate mbio. Nao walikuwa ndani ya mtaro, katika nchi ya mawe ya volkano, na vichwa vinapasuka. Nani angefikiri vingine?

"Inapanda na kule chini," Buhendwa alisema, akionyesha matundu mawili sakafuni. Wenye gari wa kwanza walikuwa wameyatoboa makusudi, ili hewa iingie. "Ziba ile. Leta nguo."

Wakayaziba kwa blauzi zilizolowa, wakakandamiza mpaka mwisho. Wakaziba na ufa wa mlango wa nyuma.

"Sasa tumupandishe Mama kule juu. Mazuku haifikake juu."

Ilikuwa kazi ngumu. Joviale alimshika mabegani, Buhendwa akabeba ile miguu isiyokuwa na nguvu, na sakafu ilikuwa imeinama. Walipomlaza kwenye kitanda cha juu, chini ya paa, Joviale alikuwa amechoka kana kwamba amebeba magunia ya mkaa kutwa nzima. Huko juu joto lilikuwa jingi. Alimpangusa mama yao jasho, akashuka, akakalia godoro bichi.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema la kufanya mkuu mwenyewe anapokosea, na kila aliye na wakubwa anajua kwamba hukosea.

Mama Léonie aliendelea kusali. "Salamu Maria, umejaa neema." Akanyamaza. "Salamu Maria, umejaa neema." Joviale alingoja sala iendelee. "Salamu Maria," mama yake alisema mara ya tatu, na hakuongeza neno.

"Mama?"

Aliinua uso kuelekea kitanda cha juu.

"Mama, uendelee."

Joviale alisimama, akapanda kwa kujivuta. Mama yake alikuwa anapumua kwa mkoromo mfupi, macho nusu wazi, hayaoni. Alimpiga kofi jepesi shavuni. Akampiga jingine, si jepesi. Alishuka, akamtikisa kaka yake.

"Yaya, Mama hajibu. Amka."

"Muache apumzike," Buhendwa alisema kwa ulimi mzito. Alikuwa amelala chali sakafuni, kichwa karibu na kile kisanduku. "Usifungule mulango. Utaleta mazuku yote ndani."

Alikuwa amelala chini. Hilo ndilo lililomshtua Joviale kwanza. Kama mazuku imejaa chini, Yaya angekuwa amekufa tayari, na Mama aliye juu ndiye angekuwa anaongea. Alijitahidi kuishika fikra hiyo, nayo ilitaka kuponyoka kama sabuni. Kwa shangazi yao Mugunga, wanawake waliotaka kujua kama shimo lina mazuku walikuwa wanateremsha karatasi inayowaka. Moto ukizimika, hawashuki.

Alipapasa mfuko wa kaka yake, akatoa kiberiti cha gesi. Akakiwasha na kukishusha mpaka sakafuni, karibu na lile tundu lililozibwa. Mwali ulisimama. Akaichomoa blauzi, akakisogeza tunduni penyewe. Mwali ulicheza kidogo kwa upepo, ukasimama tena.

Chini hapakuwa na mazuku.

Akageuza macho kwenye kidirisha cha kioo. Moto haukuwa wa bluu tena. Ulikuwa wa manjano, unatoa ncha nyeusi, kama mbabula, yaani jiko la mkaa, uliokosa hewa. Na hapo akaelewa, kwani mbabula aliufahamu. Hakuna mama wa Katindo asiyejua familia iliyofunga madirisha na mbabula ndani wakati wa mvua, ikakutwa asubuhi imelala. Walikuwa wamejifungia na mbabula wa Wazungu.

"Yaya, si mazuku. Ni ile moto."

"Kaa chini, Joviale."

"Ni ile moto inatuua."

"Miye njo mukubwa hapa. Nasema usifungule."

Maisha yake yote neno hilo lilikuwa limetosha. Alizima kisanduku, akaanza kutambaa kuelekea mlango wa dereva, wa pekee ambao haukubanwa na mchanga wala kufunikwa na mizigo. Buhendwa alimkamata kifundo cha mguu. Hakuwa na nguvu nyingi, lakini Joviale naye hakuwa nazo. Akatazama mkono wa kaka yake, mkono uliomlipia shule, akaupiga teke.

Gari lilikuwa limelala kulia, kwa hiyo mlango wa dereva ulikuwa juu, na kuufungua ilikuwa kama kuinua kifuniko cha kisima. Alivuta kitasa, akasukuma kwa mikono. Ukainuka kidogo, ukarudi. Alilala chali juu ya viti, akaweka nyayo zote mbili, akalia kwa hasira na kusukuma kwa miguu. Mlango ukaenda mpaka mwisho na kubaki wazi. Hewa ya Kibumba ikaingia, baridi kali, ikamkata kifua. Hakuwa amewahi kuonja kitu kitamu kama hicho. Alitapika nje, akavuta pumzi, akarudi ndani.

Alimteremsha mama yake kwa kumkumbatia, wakaanguka pamoja. Alimkokota mpaka viti vya mbele na kuuegemeza uso wake mlangoni, mvuani. Kisha akarudi kwa Buhendwa, akamvuta kwa ukosi wa shati akimtukana matusi ambayo hakujua kwamba anayajua, mpaka akaanza kutambaa mwenyewe.

Mvua ya mawe ilikuwa imegeuka manyunyu. Buhendwa, uso wa majivu, alikaa akimshika mama yao. Joviale akaruka chini, akaifuata barabara katika ukungu, akianguka na kuinuka. Kwenye kona alikuta vijana wawili wa Kibumba wamejibanza chini ya turubai pamoja na chukudu lao, ile baiskeli kubwa ya mbao ya kubebea mizigo, limerundikwa kabichi za soko la Goma.

"Mutusaidie. Mama yangu anakufa."

Yule mkubwa, jina lake Tuyisenge, hakuuliza zaidi. Walimwaga kabichi zote kando ya barabara. Walimfunga Mama Léonie juu ya mbao kwa kamba za mizigo, turubai juu yake. Chukudu limezoea kushuka Goma lenyewe kwa uzito. Safari hii lilipanda mlima kuelekea kituo cha afya, vijana wakisukuma nyuma, Joviale akivuta mbele, Buhendwa akishikilia kichwa cha mama ili kisigonge. 

Muuguzi wa kituo cha afya, Mama Munezero, alimwekea oksijeni kutoka chupa pekee waliyokuwa nayo. Wakasubiri. Joviale alikodoa macho kwenye lile koo jembamba, akiogopa kupepesa. Hatimaye vidole vya mama yake vikasogea juu ya shuka.

"Minasikia baridi," Mama Léonie alisema.

Joviale alilia bila haya, pua na macho pamoja.

Lakini Mama Munezero alikuwa anatazama mshale wa ile chupa. "Haitafika asubuhi," alisema. "Kuna gari inashuka Goma sasa hivi, ku hôpital. Barabara iko mubaya, inateleza. Mutashuka naye, ao mutabaki? Responsable ya mugonjwa, mwenye kuamua, ni nani?"

Alimwelekea Buhendwa, kama watu wote walivyomwelekea siku zote. Buhendwa alifungua mdomo. Akamtazama mama yake, kisha akatazama sakafu.

"Ni mudogo yangu," alisema. "Muulize yeye."

Joviale alipangusa uso kwa kiganja. Aliogopa ile barabara kuliko kitu chochote.

"Tunashuka," alisema.

Buhendwa akaenda upande wa miguu, akaingiza mikono chini ya shuka, akasubiri dada yake amwambie ainue.